Moto Uliovuliwa Moshi

Ulimi ule wa moto haukuwepo jana. Zimamoto angeweza kula kiapo. Alikuwa ameishi na moto huo wiki tatu nzima, picha tisini na sita zinazopita kwa sekunde nne kisha kurudi mwanzo, na kila ulimi wake aliujua kama mtu anavyojua meno yake: mmoja unapinda kushoto, mwingine unakatika juu, wa tatu unajigawa mara mbili kabla ya kupotea. Sasa, saa nne asubuhi, chai yake bado inatoa mvuke, kwenye picha ya arobaini na moja kulikuwa na ulimi mwembamba uliolala upande, umenyooka kuelekea dirisha la ile nyumba iliyokuwa ikiungua kwenye skrini.

Alirudisha nyuma, akatazama tena. Ulikuwepo.

"Macho haya yanataka likizo," alijisemea, akanywa chai.

Jina hilo la Zimamoto alibandikwa na wenzake ofisini kwa utani, maana maishani mwake hakuwahi kuzima hata njiti ya kiberiti. Kazi yake ilikuwa kuwasha. Ofisi yao ilitengeneza picha za filamu, zile ambazo huwezi kuzipiga kweli bila kuua mtu, na yeye ndiye aliyekuwa mwenye moto. Moto wenyewe haukuwa wa kuchora. Waliuwasha uani, nyuma ya jengo, mbele ya kitambaa cheusi, wakaupiga picha. Kisha yeye akaiamuru kompyuta ifute weusi wote na kubakiza mwanga. Kilichobaki ni moto mtupu, usio na mahali, unaosubiri kuwekwa juu ya kitu. Ukiuweka juu ya gari, gari linaungua. Ukiuweka juu ya jumba la waziri, waziri analala nje. Watu walikaa sinema wakishika vifua kwa ajili ya kitu alichokitengeneza akiwa amevaa kandambili, na hilo, tuseme ukweli, lilimpa kichwa kidogo.

Filamu ya safari hii ilihusu familia inayounguliwa nyumba. Mwongozaji wake alikuwa mtu wa masharti. "Moto kivyake, moshi kivyake," alisema. "Moshi nitakwambia mwenyewe uuweke wapi na lini." Basi Zimamoto alikaa siku tisa akiuvua ule moto moshi wake, picha baada ya picha, kama anayechagua mchele, mpaka ukabaki moto safi usio na hata uzi mmoja wa kijivu. Kisha akaukata mwisho wake, pale unapolegea na kufa, kwa sababu nyumba ya filamu inatakiwa iungue muda wote ambao waigizaji wanalia. Akaunganisha mkia na kichwa kwa ustadi hata yeye mwenyewe akakitafuta kiungo asikione. Moto usio na moshi, na usio na mwisho. Bosi alipita, akampiga bega, akasema kazi safi.

Ilibaki nyumba ya kuiunguza, na hapo ndipo alipojitia kitanzi. Hakukuwa na muda wa kutafuta nyumba ya watu na kuomba ruhusa, akasema si taabu, ataipiga ya kwao. Alisimamisha kamera ng'ambo ya barabara, akaipiga nyumba aliyozaliwa, sekunde kumi. Baba yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliombwa aondoke dirishani kidogo tu, akakataa katakata. "Nyumba yangu, dirisha langu, gazeti langu," alisema. "Mwenye shida ni kamera." Kumfuta mzee kwenye picha kama ile ni kazi ya siku mbili: unapaka ukuta na kiti kitupu juu yake, picha mia mbili na arobaini, moja moja. Zimamoto hakuwa na siku mbili. Alichokuwa nacho ni moto. Akauchukua, akaukuza, akauweka juu ya dirisha, na mzee akapotelea nyuma yake. Wenye kazi hii hufanya hivyo kila siku wakibanwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kuwa ni kosa.

Simu ya shangazi yake iliingia kabla chai haijaisha. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa akishinda na mzee nyumbani.

"Baba yako hakulala vizuri," shangazi alisema. "Kanywa maji jagi zima na bado anaomba."

"Ana homa?"

"Nimempima. Kipimo kinasema hana kitu. Ila ukimgusa, mwanangu, unaurudisha mkono."

"Msogeze dirishani apate upepo."

"Dirisha lenyewe ndilo halitaki. Anasema linamchoma."

Alipokata simu, Zimamoto alitazama skrini. Sasa ndimi zilizolala zilikuwa mbili.

Adhuhuri mlango uligongwa. Alikuwa fundi sauti, mtu mrefu, mpole, waliyepakana naye ukuta. Alikuwa na tabia ya kuomba radhi kabla hajasema jambo lenyewe.

"Samahani, dada. Punguza moto wako kidogo. Narekodi."

"Moto gani?"

"Huo. Unaingia kwenye maiki zangu."

"Kaka yangu, moto wangu hauna sauti. Tuliupiga bila sauti. Spika zangu hizo hapo, hata umeme sijaziwekea."

Fundi sauti aliutazama waya wa spika uliolala sakafuni kama kamba iliyosahauliwa. Hakubisha. Alirudi chumbani kwake, akaja na vipokea sauti vyake vikubwa vya masikioni, akamvisha.

Zimamoto alitarajia mlio wa kuni zinazopasuka. Hakukuwa na kuni. Kulikuwa na pumzi. Ilikuwa ndefu, kavu, na ilikuwa ikiingia tu. Ilivuta, ikavuta, ikavuta, na yeye akajikuta anavuta pamoja nayo akisubiri itoke ili naye atoe, mpaka kifua kikaanza kumuuma. Ikavuta kwa sekunde nne kamili, ikakatika, ikaanza kuvuta upya kutoka mwanzo.

"Haitoi," fundi sauti alinong'ona. "Nimeisikiliza dakika ishirini. Inavuta tu, haitoi."

Zimamoto alivua vile vitu, akavisukuma mbali juu ya meza. "Ni hitilafu ya waya," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua kabisa kwamba si hitilafu ya waya.

Kesho yake alifika mapema. Chumba chake kilikuwa na mapazia meusi yasiyofunguliwa, ili rangi za skrini zisidanganywe na jua, na kiyoyozi kilichowekwa baridi ya kugandisha kwa ajili ya mashine. Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma, lakini chumba kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua. Lilitoka upande mmoja, upande wa meza, na lilikuwa na harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa, ile harufu inayokuja kabla tu ya kitu kuungua, isipokuwa hii ilibaki palepale kwenye kabla. Alinusa waya, akanusa mashine, akagusa plagi. Hakuna hata uzi wa moshi.

Aliwasha skrini. Moto wote ulikuwa umelala. Kwenye picha zote tisini na sita ndimi zilikuwa zimepinda kuelekea dirishani, kama vichwa vya watu waliosikia jina la mtu likiitwa, na pale dirishani zilikuwa zimekusanyika, zimekuwa nene, nyeupe katikati.

Hapo ndipo alipokumbuka kilichokuwa chini yake.

Picha hizi hupangwa kwa matabaka, moja juu ya jingine. Ukizima tabaka la juu, unaona la chini. Alizima tabaka la moto kwa kubofya mara moja, kama alivyofanya mara elfu, na nyumba ya kwao ikabaki peke yake mchana kweupe, haina moto, ukuta wake wa njano, bomba la mvua lililopinda, dirisha wazi, na baba yake kwenye kiti chake. Lakini siku ile ya kupiga picha mzee alikuwa ameinamia gazeti kwa sekunde zote kumi, hakuinua hata jicho, kwa ubishi. Na huyu aliyekuwa kwenye picha sasa gazeti lilikuwa limemponyoka, ameinua uso juu, kinywa wazi, mikono imeshika vishikio vya kiti, akitazama kitu kilichokuwa juu yake tu, mahali palepale ambapo Zimamoto alikuwa ameuweka moto, na ijapokuwa tabaka lile lilikuwa limezimwa na alama yake imezimwa na moto haukuonekana popote, uso wa mzee ulikuwa ukiwakawaka kwa mwanga wa rangi ya chungwa uliopanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kila sekunde nne.

Alipiga yowe, kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angekifanya. Aliufuta. Aliuchagua ule moto, akabofya kufuta, kompyuta ikauliza kama ana hakika, akasema ana hakika, ukaenda.

Simu ililia papo hapo.

"Njoo!" shangazi alikuwa akilia. "Njoo, mwanangu, baba yako anaungua! Anaungua na hakuna moto! Maji nikimmwagia yanaruka!"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti ya mzee, mtu ambaye hata siku ya kumzika mkewe hakuinua sauti, akipiga kelele kama mtoto.

Zimamoto aliurudisha moto. Vidole vilimtangulia akili. Aliutoa kwenye takataka, akauweka pale pale ulipokuwa, juu ya dirisha, juu ya baba yake, na kwenye simu kelele zikashuka polepole zikawa mguno, na mguno ukawa kupumua.

"Imepungua," shangazi alisema, naye akihema. "Imepungua kidogo. Tulimpeleka kwa daktari jana usiku, hukuambiwa, alikataa uambiwe. Daktari hakuona kitu. Mwanangu, hiki si cha daktari."

Bosi alimkuta Zimamoto amekaa sakafuni. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake, kisha akasema kwamba mteja anataka picha kesho saa sita, na mgonjwa ana hospitali. "Na hili joto umelizidisha wewe," aliongeza. "Mashine zitaharibika." Akaondoka. Wapo watu ambao hata jini haliwezi kuwatisha, kwa kuwa hawasikilizi.

Aliyesikiliza ni fundi sauti. Alikuja, akachuchumaa karibu naye, akaanza kwa kuomba radhi.

"Mimi nina mama mkwe," alisema kwa sauti ya chini. "Hii kazi anaijua. Amewatoa majini watu wengi. Sijawahi kumwita kwa shida yangu, kwa sababu, dada, kusema kweli, jini ni nafuu."

Alifika baada ya saa moja, mama mfupi mnene, miwani ya kamba, mkoba mkubwa mkononi. Hakubabaika wala hakuchoma kitu. Alinusa mlangoni, akaomba kiti, akakigeuza ili skrini iwe mgongoni mwake.

"Mimi sitaitazama," alisema. "Nikiitazama itanijua. Nieleze ulichokifanya, kuanzia mwanzo, usiruke."

Zimamoto alieleza. Alieleza kitambaa cheusi, alieleza siku tisa za kuuvua moshi, alieleza mwisho aliokata na kiungo asichokiona mtu. Mama mkwe alisikiliza bila kukatiza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyokuwa akitikisa kichwa polepole.

"Wenzetu wale, majini, wameumbwa kwa kitu gani?" aliuliza mwishoni.

"Kwa moto."

"Moto gani?"

Zimamoto alijua. Kila mtu anajua tangu utotoni. Lakini hakuwahi kuviweka pamoja mpaka sasa. "Moto usio na moshi," alisema.

"Siku tisa umekaa hapa unamshonea mmoja wao mwili. Ukampa na uhai usiokatika. Kuna aliyekuwa akipita bila mwili, akaona nguo imetundikwa, akavaa. Utamlaumu?"

"Mimi nilikuwa nafanya kazi, mama."

"Naye anafanya yake. Moshi ni alama kwamba moto umekula. Wako haujala kitu tangu uuvue. Nawe ukauchukua na njaa yake hivyo, ukaenda ukauweka juu ya mzazi wako."

Zimamoto alianza kulia. Mama mkwe alimwacha alie kidogo, kisha akamkatisha, maana muda haukuwepo.

"Kumfukuza kwa maneno matupu siwezi. Ana mwili, na mwili umeutengeneza wewe; ukiufuta au ukimnyima chakula, anamrudia baba yako. Kile kipande cha mwisho ulichokikata, ulikitupa?"

"Hatutupi kitu. Mabaki yote yapo."

"Na moshi?"

"Upo."

"Basi mrudishie moshi wake, mrudishie na mwisho wake. Atakula, atashiba, atakufa kama moto wowote. Mimi nitasoma hapa, nimshike asitoke nje ya hicho kioo. Ila atakula kilicho chini yake. Kwa hiyo kwanza mtoe baba yako, uweke kitu kingine."

"Kitu gani?"

Mama mkwe aligeuza kichwa kidogo, si kwa skrini, kwa Zimamoto tu. "Kisicho na mtu. Nisikilize vizuri. Jiwe, shimo, gofu, chochote, kisicho na mtu. Atakubembeleza umpe mtu. Niapie."

"Naapa," alisema Zimamoto.

"Kwa nani?"

"Kwa uhai wa baba yangu."

Mama mkwe hakukipenda kiapo hicho, lilionekana usoni, lakini alifumba macho na kuanza kusoma chini chini. Fundi sauti alisimama ukutani, mikono imeshika vipokea sauti vilivyoning'inia shingoni. Zimamoto alifungua maktaba yake ya picha.

Kubadilisha picha ya chini si kazi. Unaiondoa moja, unaingiza nyingine, sekunde kumi na moja kama mashine haijachoka. Aliweka picha ya machimbo ya mawe. Moto ulinyauka. Uliporomoka ukawa mdogo, wa mshumaa, ukasogea mpaka kwenye pembe ya picha na kusimama pale, umekunja ndimi, na simu aliyokuwa ameiacha wazi mezani ikaleta sauti ya mzee akiguna.

"Inampanda tena," shangazi alisema. "Unafanya nini huko?"

Aliweka gofu la kiwanda, kuta bila paa. Moto ulikataa. Mzee aliita jina la mke wake. Aliweka shamba lililokwisha ungua, aliweka lori bovu lililozama mchangani, aliweka kibanda cha mbao kisicho na mlango katikati ya jangwa, na kila mara moto ulijikunyata pembeni kama mgeni aliyeletewa sahani tupu, na kila mara sauti ya mzee ilipanda ngazi moja, na shangazi akawa hasemi tena maneno, analia tu, na katikati ya kilio hicho alisikika akisema midomo imepasuka, ngozi ya mikono imeanza kukaza kama ya ngoma, anasema macho yanamkauka, anasema hayafumbi, na mama mkwe alisoma kwa nguvu zaidi huku jasho likimtiririka shingoni na kulowesha kola, na joto la chumba likawa linasukuma kama mkono uliowekwa kifuani.

"Kisicho na mtu!" mama mkwe alisema bila kufumbua macho, kisha akaendelea kusoma.

"Nimeweka vitano!"

"Weka cha sita!"

Cha sita hakikuwepo. Kilichokuwepo ni folda ambayo ofisi ilikuwa imeinunua mwaka jana, picha elfu nne za nyumba, mpiga picha fulani alizunguka miji ya mbali akipiga nyumba za watu mchana, bila kuwauliza. Kila picha ilikuwa na maelezo chini yake: mji, mtaa, tarehe. Zimamoto aliifungua folda hiyo. Tunamwona hapa akiwa bado na nafasi ya kuifunga, na hakuifunga. Baba yake alikuwa akipiga kelele. Alikwenda kwanza kwenye mpangilio wa maelezo, akayazima, ili zibaki picha tu, bila mji wala mtaa. Kisha akachagua moja, upesi, bila kutazama, kama mtu anayechomoa karata.

Aliiweka chini ya moto.

Moto ulisimama. Uliruka kutoka pembeni ukaenea mzima, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ukiwa umenyooka, na kwenye simu kukawa kimya cha ghafla.

"Kakubali," mama mkwe alisema kwa mshangao, sauti yake imechoka. "Kisicho na mtu?"

"Ndiyo," alisema Zimamoto.

"Umetazama?"

"Nimetazama, mama. Hakina mtu."

"Basi upesi. Moshi. Mwisho."

Alitoa mkia ule uliokatwa kwenye mabaki, akaufungua ule mshono wake mzuri, akaunganisha. Alileta tabaka la moshi, akaliweka mahali pake. Na kwa kuwa huwezi kuweka moshi bila kutazama unapouweka, alitazama. Ilikuwa nyumba ndogo ya ghorofa moja, mlango wa kijani, vyungu viwili vya maua ngazini. Kamba ya nguo ilikuwa na shuka, fulana ya mwanamume, na soksi za mtoto, nne, hazifanani. Kwenye dirisha la juu pazia lilikuwa limefunuliwa kidogo, na kilichokuwa kimelifunua kilikuwa vidole. Ilikuwa picha ya mgando, ya mwaka juzi au wa kabla ya hapo. Haikuwa na haki ya kutikisika. Vidole vile viliachia pazia.

Kidole chake mwenyewe kilikuwa juu ya kitufe. Mama mkwe alikuwa akisoma nyuma yake, karibu kabisa, amegeukia ukuta. Fundi sauti alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa akimwona.

Alibofya.

Moshi ulipanda. Ulikuwa mweusi, mnene, mzuri kuliko moshi wowote aliowahi kuutengeneza, na kwa mara ya kwanza ile pumzi ilitoka. Waliisikia wote watatu bila chombo chochote, pumzi moja ndefu ya kushiba iliyopita juu ya vichwa vyao na kupeperusha mapazia meusi. Moto ulikula mlango. Ulikula kamba ya nguo. Ulipanda juu, ukalegea, ukawa makaa, ukafa kwenye picha ya mia mbili thelathini na sita, kama ulivyokufa siku ile uani mbele ya kitambaa. Kiyoyozi kikaanza kuonekana kinafanya kazi. Fundi sauti alivaa vipokea sauti vyake, akasikiliza muda mrefu, akasema, "Kimya."

Mama mkwe alifunga mkoba. Mlangoni alimtazama Zimamoto juu ya miwani, kisha akamwambia mkwe wake amtafutie usafiri.

Nyumbani, jua lilikuwa bado lipo. Mzee alikuwa kitandani, shuka limemfika kifuani, ngozi yake baridi na yenye unyevu kama ya mtu aliyetoka kuoga. Shangazi alikuwa amesinzia kwenye kiti na taulo bado liko mkononi. Zimamoto alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa baba yake, akaubusu, akalia kwa furaha bila kuona haya.

"Kilikwenda wapi?" baba yake aliuliza.

"Nini, baba?"

"Usinifanye mtoto. Kile kilichokuwa kimenikalia. Kilinyanyuka. Hakikuzimika, nilikisikia kikinyanyuka, kama mtu aliyeitwa mahali."

"Kimekwisha, baba. Tumekimaliza."

"Sikuuliza kama kimekwisha." Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa ileile iliyosomesha watoto miaka thelathini na tano, na haikuwahi kupokea jibu nusu. "Nilipokuwa chini yake nilikuwa nakisikia kinachotaka. Hakikutaka nyumba. Kwa nani kimekwisha?"

Zimamoto alitazama shuka. Nje, mtu alikuwa akifagia.

"Sijui," alisema. Na haukuwa uongo, maana alikuwa amehakikisha hatajua.

Baba yake alimtazama kwa muda mrefu, kama anayesoma kazi ya mwanafunzi aliyempenda. Kisha akautoa mkono wake polepole kutoka mkononi mwa binti yake, akauingiza ndani ya shuka, na akageukia ukutani.